Mikono miwili ndani ya gunia: Jumamosi katika Eneo la Viwanda

Ukimpigia mama yako simu umwambie kwamba uko Industrial Area, eleza upesi ni Industrial Area ipi. Kwa wakazi wengi wa Nairobi jina hilo ni la gereza la rumande, na mzazi aweza kuishiwa na nguvu kabla hujamaliza sentensi. Ninakotaka kukupeleka leo ni kule kwingine, kwenye mabomba ya moshi, malori na mashine, ambako magazeti huita Eneo la Viwanda na vijana huita Indaa. Utakwenda Jumamosi asubuhi, na utakwenda kwa matatu na kwa miguu, kwa sababu gari lako litakuwa limebaki nyumbani, magurudumu ya mbele yametolewa, na mikono yake miwili imo ndani ya gunia ulilobeba begani.

Lakini tuanzie nyumbani, maana safari hii huanza na mlio. Unapita kwenye tuta, hasa lile ambalo halikupakwa rangi, na unasikia "gdu!" chini ya miguu yako. Wiki ya kwanza unajiambia kwamba ni jeki imelegea kwenye buti. Wiki ya pili unaongeza sauti ya redio. Kufikia mwisho wa mwezi usukani unavutwa upande mmoja kila ukikanyaga breki, na matairi ya mbele yanalika upande wa ndani peke yake. Hapo huna budi kukubali: bushi zimekwisha.

Bushi ni kitu kidogo kinachotoshea ndani ya ngumi. Ni kibomba cha chuma ndani ya bomba jingine, na katikati yake mna mpira ulioshikamanishwa na vyuma vyote viwili kwa moto huko kiwandani. Hukaa pale ambapo mkono wa chini wa gurudumu, ule ambao mafundi wetu huuita loa-amu, unaungana na mwili wa gari. Gurudumu likipanda na kushuka, mkono nao hupanda na kushuka, na ule mpira hujisokota kidogo kisha hujinyoosha. Hakuna kinachoteleza wala kinachotaka grisi. Ni mpira tu unaojisokota, mara maelfu kati ya Donholm na katikati ya jiji. Tafadhali liweke akilini jambo hili la kujisokota. Nitalirudia, kwa kuwa ndilo lililonitoa pesa mara ya kwanza.

Wazee wetu hawakuhangaika hivi, au ndivyo wanavyosema. Enzi zao ilikuwa Peugeot 504, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ambalo baba alilipakia gunia la mahindi, mbuzi na watoto sita akafika nalo Kakamega. Baadaye, uagizaji ulipolegezwa katika miaka ya mwanzo ya 1990, yakaja magari yaliyotumika ya Kijapani. Corolla ni gari zuri, nami sitaki kulisema vibaya kwani ndilo nililo nalo, ile ya 110. Lakini linafika hapa likiwa limezoea lami laini, kisha linakutana na Jogoo Road baada ya mvua. Bushi ndizo hupigwa kwanza.

Sasa basi, kuna njia mbili. Waweza kulipeleka gari gereji ukaketi kwenye benchi ukisoma gazeti hili. Au waweza kuitoa ile mikono mwenyewe, uani kwako, uibebe hadi kwenye mashine ya kubonyezea, uirudishe na kuifunga. Mimi ninakushauri ujaribu hii ya pili, kwa sharti moja ambalo sitalipunguza hata kidogo.

Niko Buruburu, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, nyumba zimepangwa kuzunguka viwanja vidogo ambamo kila jirani anaona unachofanya. Siku nilipojaribu kazi hii mara ya kwanza nilikuwa na mpwa wangu, kijana wa chuo cha ufundi aliyekuja likizo. Tuliinua upande wa kushoto kwa ile jeki ndogo inayokuja na gari. Nyuma ya matairi hatukutia jiwe. Sakafu ya uwanja ina mteremko ambao huwezi kuuona kwa macho ila maji ya mvua yanaujua. Mpwa wangu alijilaza chini akavisha spana bomba refu, akaanza kuvuta nati iliyoshikwa na kutu.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kutoka karakana za reli, alikuwa ameketi mlangoni akinywa chai. Alituita kwa sauti ya kukemea: "Vijana, hilo gurudumu mlilotoa mnaliweka la nini huko ukutani? Lisukumeni chini ya gari!" Nilifanya hivyo ili anyamaze tu. Nililaza gurudumu chini ya ubavu wa gari, karibu na kiuno cha kijana.

Msomaji, haikupita dakika tano. Mpwa wangu alivuta kwa nguvu, gari likarudi nyuma kiasi cha kiganja, jeki ikalala upande kama mlevi, na gari likaanguka. Liliangukia lile gurudumu. Kati ya chuma na kifua cha mpwa wangu palikuwa na nafasi ambayo nisingeweza kupitisha kitabu cha shule. Alitoka chini polepole, akaketi, akasema, "Mjomba, usimwambie mama." Kwa miaka miwili sikumwambia dada yangu. Leo atasoma gazetini.

Hilo ndilo sharti langu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Nunua stendi za chuma, na kama huna pesa ya stendi huna pesa ya kazi hii. Usitegemee mawe ya kujengea, kwani jiwe hupasuka bila kuaga. Tia vizuizi nyuma na mbele ya matairi yanayobaki chini, vuta breki ya mkono, na gurudumu unalolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari kila mara. Kisha lisukume gari kwa mkono kabla ya kuingia chini. Kama litacheza, afadhali licheze ukiwa umesimama.

Gari likishasimama imara, kazi yenyewe si ya ajabu. Kwenye Corolla za aina hii boli-jointi imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo huna haja ya kupigana nayo. Legeza linki ya stablaiza, kisha zile bolti kubwa zinazoshika mkono mbele na nyuma. Zipake mafuta ya kulegeza kutu usiku wa Ijumaa ulale. Asubuhi zitatoka, ingawa moja itakusumbua, na ni desturi yake. Toa mikono yote miwili, ya kulia na ya kushoto, maana bushi za upande mmoja zikiisha zile nyingine zinangoja zamu tu.

Haya, tia mikono kwenye gunia twende. Panda matatu namba 58. Utingo atakuuliza umebeba nini kizito hivyo, nawe ukimjibu kwamba ni mikono, gari zima litageuka. Lipia mzigo bila ubishi, kisha shuka City Stadium, uwanja ambao siku hizi umepewa jina la marehemu Joe Kadenge. Ukiwa unatoka Buruburu, kata kushoto uingie Lusaka Road.

Tembea sasa uone jambo ambalo ukiwa ndani ya gari hulioni. Ndani ya saa moja, bila pasipoti, waweza kutoka Lusaka ukapita Kampala na Addis Ababa, ukatokea Dar es Salaam. Zote ni barabara za hapa, na katikati yake kuna Busia, Butere, Nanyuki, Kitui na Homa Bay. Aliyezipa majina alikuwa na ramani ya treni na malori kichwani. Na si ajabu, kwa sababu eneo hili lote ni mtoto wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, karakana zikajengwa kando yake, viwanda vikafuata reli, na mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 ukaendelea kuweka makazi ya wafanyakazi upande huu wa mashariki, ili mtu aweze kuamka Kaloleni au Makongeni akafika kazini kwa miguu. Mpaka leo utaona reli ndogo zikikatiza barabara kuelekea kwenye maghala, nyingine zimeota nyasi, nyingine zimegeuzwa meza ya mama anayeuza njugu.

Watu bado wanatembea. Ukifika mapema utawakuta wakija kwa maelfu kutoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, wengine wakisimama kwenye malango ya viwanda kungoja kuitwa vibarua wa siku. Msimamizi hutoka, hunyosha kidole mara kumi na tano, lango hufungwa. Waliobaki huhamia lango jingine. Mimi hupita hapo nikiwa na gunia langu na kuona haya kidogo, kwa kuwa shida yangu ni bushi.

Upande wa karakana za reli kuna hadithi ambayo watoto wako hawaijui. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa baya kwa sura na zito kwa mwendo. Magari matano ya mfano yakaundwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Kampuni iliyozaliwa kutokana na mradi huo, Numerical Machining Complex, iliwekwa papo hapo kwenye eneo la karakana za reli. Jirani yangu mzee huwa anasema kwamba tungeyatengeneza magari yale, angalau bushi zake zingejua mashimo yetu kwa majina.

Sasa ingia Enterprise Road, uache barabara kubwa na kufuata vichochoro. Fuata sikio. Kuna mahali ambapo kelele za malori hupungua na kelele za chuma huanza: msumeno, nyundo, mashine ya kuchomelea. Maduka ya vipuri ni vyumba vidogo vyenye kaunta ya waya, na bushi zimepangwa kwenye visanduku hadi darini.

Hapa usione haya kuuliza. Toa mkono wako kwenye gunia, uuweke juu ya kaunta. Usiseme tu "bushi za Corolla," kwa maana Corolla ni ukoo mzima. Muuzaji ataweka mbele yako visanduku vitatu vyenye bei tatu. Kile cha bei ya chini kina chapa inayofanana na ya kampuni kubwa, ila herufi moja imekosewa. Shika bushi yenyewe, uache kusoma sanduku. Minya mpira kwa ukucha: ule mbaya ni mgumu kama kisigino cha kiatu kikuukuu, au laini kupita kiasi na unanuka. Tazama pale mpira unapokutana na chuma. Pasiwe na mwanya hata wa unywele. Kuna wanaouza bushi zilizotolewa kwenye magari ya Japani, nazo ni za asili kweli, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umekaa bure. Rahisi huvunja upishi. Nunua za katikati au za juu, mpya, nne.

Kisha uliza ilipo presi. Ninayemwendea mimi ni fundi wa makamo ambaye kibanda chake kina presi ya haidroli upande mmoja na kerezo upande wa pili. Ana kisanduku cha vipande vya bomba vya kila kipenyo, na kazi yake yote imo katika kuchagua kipande. Bomba la kusukumia lisimame juu ya ukingo wa nje wa bushi. Likisimama juu ya mpira au kibomba cha katikati, bushi mpya imekufa kabla haijaona barabara.

Kabla ya kutoa ile kuukuu alichukua chaki akapiga alama kwenye mkono.

"Ya nini, fundi?" nilimuuliza.

"Hii kubwa ya nyuma ina matundu mawili, unayaona? Si kasoro. Yameachwa hapo mpira ulegee upande huu na ukaze upande ule. Ukiitia vibaya, gari litakwenda, lakini halitakwenda vizuri, na hakuna mtu atajua kwa nini."

Fundi asiyepiga alama, chukua gunia lako uondoke. Muondokee pia anayetaka kuichoma bushi kuukuu kwa moto ili itoke upesi. Moshi wa mpira ule si wa kuvutwa na binadamu. Wangu aliminya, ikalia "tap!" ikatoka. Ile mpya aliipaka maji ya sabuni. Nilipomuuliza kwa nini si oili, alinitazama kama mtoto. Mafuta ya gari hula mpira.

Nilimuuliza pia kama angeweza kunikerezea bushi za plastiki ngumu, ambazo nilisikia hazifi. Alikubali kwamba huwakerezea wenye malori na matatu kwa ajili ya springi za nyuma, na zinadumu. "Lakini hiyo inateleza, haijisokoti. Inataka grisi, na kila jiwe utalisikia kwenye meno. Wewe una familia." Angeweza kuchukua pesa yangu, hakuchukua.

Watu wa aina hii ndio Shirika la Kazi Duniani lilikuja kuwatazama Kenya, na ripoti yake ya mwaka 1972 ikaieleza dunia kwamba hawa si wazururaji, ni uchumi kamili. Serikali ilichukua miaka ishirini kuandika sera yake ya jua kali, ile ya mwaka 1992. Fundi wangu hajasoma yoyote kati ya hizo. Kazi hii aliifundishwa na mjomba wake, na sasa ana wanagenzi wawili, mmoja wao msichana aliyemaliza kidato cha nne.

Alipokuwa akikifuta mkono wa pili ndipo nilipomsimulia kilichonipata miezi michache baada ya lile gari kuanguka. Kwa woga nililipeleka gari gereji moja, ambayo sitaitaja. Waliliinua, wakatia bushi mpya, wakakaza kila kitu barabara, wakalishusha. Zilidumu miezi minne, zikapasuka kuzunguka kibomba cha katikati. Nilikwenda kulalamika, wakaniambia siku hizi mpira ni mbovu.

Fundi alicheka. "Walikaza gari likiwa hewani."

Hapa ndipo ninarudi kwenye ule mpira unaojisokota. Gari likiwa juu ya stendi, gurudumu hulegea na mkono huning'inia chini. Ukikaza bolti wakati huo, kibomba cha katikati hushikwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Ukilishusha gari, mkono hupanda, na mpira husokotwa na kubaki umesokotwa, hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha. Ni kama mtu aliyelazimishwa kulala na shingo imepinda. Kila shimo linamsokota zaidi, mpaka anakatika.

Kwa hiyo ukifika nyumbani, rudisha mikono, tia bolti zote, zikaze kiasi cha kushika tu. Funga boli-jointi, na linki ya stablaiza iishike kwa mkono. Sasa weka jeki nzuri chini ya ncha ya mkono, karibu na gurudumu, uiinue polepole mpaka uzito wa upande ule uanze kuiacha stendi, bila kuiondoa stendi yenyewe. Mkono umefika pale unapokaa gari likiwa barabarani. Hapo ndipo ukaze bolti za bushi, kwa spana ya kipimo na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Rudia upande wa pili. Ukimaliza, endesha polepole kuzunguka mtaa, urudi uziguse nati zote tena.

Jumatatu lipeleke gari likanyooshwe magurudumu kwa mashine, maana ukishatoa mikono ule mstari wa kiwandani huwezi kuuamini. Ukipitia Likoni Road utaona foleni ya matatu kwenye kituo cha ukaguzi wa magari, ambako magari ya abiria hupelekwa kila mwaka. Simama kidogo umtazame mkaguzi. Huingia chini na chuma kirefu, akakipenyeza kati ya mkono na mwili wa gari, akasukuma. Mkono ukicheza, dereva anarudishwa. Wewe mwenye gari la nyumbani huna wa kukurudisha, ila hicho chuma unaweza kukinunua.

Safari hii mpwa wangu alikuja tena, akiwa sasa ameajiriwa. Tulifunga kazi saa kumi na moja jioni. Mzee wa reli alitoka na kikombe chake, akainama, akahesabu stendi, akatazama vizuizi nyuma ya matairi, akalipiga teke lile gurudumu lililolala chini ya ubavu kuhakikisha liko. Hakusema neno. Tulikwenda naye hadi Rabai Road na kurudi, akiwa kiti cha mbele, madirisha yamefunguliwa ili tusikie. Kwenye tuta la kwanza tulinyamaza wote watatu. Kwenye la pili mzee aliomba tufunge madirisha, vumbi linamwingia.

Bushi kuukuu nilizirudisha nyumbani ndani ya gunia. Mbili ninazo mezani ninapoandika haya. Nyingine mbili zilichukuliwa na watoto wa jirani, wakazipitisha kijiti katikati, na kufikia jioni zilikuwa magurudumu ya gari la maboksi, likivutwa kwa kamba kuzunguka uwanja.